H&R 949 ya zamani kwa dola 180: nilivyoikagua, na ile ya kwanza iliyonila hela

Wakuu, hii ni kwa mlioko Marekani, makaratasi yenu yako sawa na mnaitamani revolva ya .22 ya zamani, zile za kampuni za bei ya chini ambazo duka la rehani linaziweka rafu ya chini kabisa kwenye kabati la kioo, pembeni ya visu na saa za mkononi. Mimi niko Columbus, Ohio, mwaka wa nane sasa, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo zamu ya usiku, na wikendi napiga shabaha. Nimenunua mbili za aina hiyo. Ya kwanza ilinila hela. Ya pili naipenda kuliko silaha yoyote niliyowahi kushika, na kilichozitofautisha sio jina la kampuni wala bei, ni kwamba ya pili niliishika mkononi na kuikagua dakika ishirini nzima kabla sijatoa hata dola moja.

Naanza na hiyo ya pili. Ni H&R modeli 949, jina lake la sokoni Forty-Niner, linawakumbusha wale watu waliokimbilia dhahabu California mwaka 1849. H&R ni Harrington & Richardson, kampuni ya Massachusetts iliyoanza 1871 pale Worcester, baadaye ikahamia Gardner, na mwaka 1986 ikafunga milango. Hawakuwa watu wa vitu vya kifahari, walikuwa wanatengeneza shotgan za mtutu mmoja na revolva za mkulima na kibarua, kitu cha kukaa kwenye boksi la zana na kikitakiwa kifanye kazi. Hii 949 ilianza 1960 na ikaendelea mpaka kampuni inakaribia kufa. Mtutu inchi tano na nusu, kipini cha mbao ya wolnati, umbo la kikauboi kabisa, unapakia risasi moja moja kupitia kimlango cha pembeni na unatoa maganda kwa kusukuma fimbo iliyo chini ya mtutu. Ila silinda inabeba risasi 9, sio 6, na tofauti na revolva nyingi zenye sura ile hulazimiki kuvuta nyundo kwa kidole gumba kila mara, ukivuta triga tu nyundo inajiinua yenyewe na kupiga. Triga ikivutwa hivyo ni nzito na safari yake ni ndefu, ndivyo revolva za kundi hili zilivyo, lakini ukivuta nyundo kwanza inakuwa fupi na unapiga unachokilenga.

Kwa asiyejua, .22 ni risasi ya rimfaya, maana yake ile fataki ya kuwasha baruti haiko katikati ya kitako cha ganda, imejazwa kwenye ukingo wa kitako kuzunguka kote, na pini inapiga ule ukingo. Ndio maana ganda ni jembamba, risasi ni rahisi na hairudiki kujazwa upya kama za aina nyingine. Hii .22 Long Rifle tunayotumia ilitoka 1887 na mpaka leo ndiyo risasi ya bei nafuu zaidi, boksi la 50 mimi nalipata kwa dola tano na kitu. Na ule ukingo ndio unaleta jambo la kwanza la kuangalia kwenye revolva ya zamani ya .22, kwa sababu ukifyatua ikiwa tupu, pini haikuti ganda la kupiga, inakwenda kugonga mdomo wa tundu la silinda. Mtu akifanya hivyo miaka na miaka mdomo unapata vidonda, ganda linakuwa gumu kuingia, gumu zaidi kutoka, na baadhi ya risasi zinagoma kuwaka. Silaha za zamani nyingi zilichezewa na watoto wa nyumbani wakizifyatua tupu sebuleni.

Siku hiyo niliingia kwenye duka la rehani la mzee mmoja nikitokea kazini asubuhi, sijalala. Nikamwona 949 kwenye kabati, kibandiko kimeandikwa 220. Nikamuomba anitolee, akafungua kile kimlango akaizungusha silinda tundu kwa tundu mpaka yote tisa, halafu nikairudia mimi mwenyewe hivyo hivyo mbele yake. Muuzaji asiyefanya hivi ondoka. Nikamwambia, "Mzee, nina plagi zangu, naomba ruhusa nizitumie." Akacheka akasema endelea kijana. Hizi plagi ni zile za plastiki za njano za kuweka ukutani kabla ya kufunga skrubu, saizi namba 4, duka la vifaa vya ujenzi zinauzwa boksi kwa dola chache, zinaingia kwenye tundu la .22 kama risasi na zinapokea pigo la pini badala ya chuma. Ninazo tisa kwenye mfuko wa koti. Ukiomba ruhusa namna hii muuzaji anajua unajua unachokifanya, na hata kwenye bei mnaongea lugha nyingine.

Kabla ya kuziweka nikapiga tochi kwenye midomo ya matundu. Vidonda vidogo viwili, vya juujuu, ukucha haukwami. Nikaweka plagi. Nikavuta nyundo polepole sana huku kidole cha mkono mwingine kinaizuia silinda kidogo, kwa sababu ukivuta haraka silinda inajirusha yenyewe na kuficha ubovu, lakini ukiizuia lazima ule mkono wa ndani, kile kipande cha chuma kinachozungusha silinda, uisukume mpaka ijifunge. Tundu la kwanza, klak, imefunga kabla nyundo haijafika mwisho. La pili hivyo hivyo. Fanya yote tisa, usifanye matatu ukaridhika, maana jino moja tu la nyuma ya silinda likiwa limeliwa ndilo litakalokuja kukutesa. Zangu zote zilifunga, la saba lilichelewa kidogo lakini lilifika.

Halafu shusha nyundo huku triga umeishikilia nyuma, hiyo ndiyo hali bastola inakuwa nayo sekunde risasi inapotoka, kisha itikise silinda kushoto kulia. Inacheza kidogo, hiyo kwenye silaha ya bei ya chini ni kawaida, ila isiwe kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Isukume mbele na nyuma vilevile. Kisha ule mwanya kati ya silinda na mtutu, mimi huwa natembea na fila geji ya magari, ile ile mafundi wetu wanapimia plagi za injini. Yangu ilisoma elfu sita za inchi, kama milimita 0.15, safi kabisa. Ikifika elfu kumi mimi naiacha, gesi na vipande vya risasi vinatoka pembeni.

Nikavuta nyundo mpaka mwisho nikaisukuma kwa kidole gumba kutoka nyuma, ikikubali kuanguka bila triga kuguswa hiyo bastola ni ya hatari na hakuna bei inayoifaa. Haikuanguka. Nikatoa plagi, nikaweka karatasi nyeupe nyuma ya silinda, nikamulika tochi na kuchungulia ndani ya mtutu. Mifereji ipo, kali, uchafu mwingi na madini ya risasi yaliyoganda mwanzoni mwa mtutu. Ule uchafu unatoka kwa brashi ya shaba na mafuta. Kinachotakiwa kukuogopesha ni mashimo ya kutu, na zaidi ya hapo ni kivuli cha duara kama pete ndani ya mtutu, hiyo inamaanisha risasi iliwahi kukwama mtu akapiga nyingine juu yake, mtutu umevimba tumbo. Mwisho angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechanikachanika ujue kuna mtu aliwahi kuifungua kwa bisibisi ya jikoni na hujui alibadili nini mle ndani. Za kwangu zilikuwa nzima, rangi nyeusi ya chuma imefifia mdomoni mwa mtutu kwa kukaa kwenye mfuko wa ngozi.

Nikamwambia mzee tundu la saba linachelewa na midomo ina alama, nikampa 160, tukakutana 180 pamoja na kodi. Nilikaa pale chini ya saa moja.

Sasa ile ya kwanza. Kampuni siitaji, wala mtandao nilioinunulia. Ilikuwa mnada wa intaneti, picha nzuri, inang'aa, dola 120. Usafiri 25. Na kwa sheria bastola inayotoka jimbo lingine haiji nyumbani kwako, inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu kwenye jimbo lako, yeye ndiye anakujazisha fomu na kukukagua, na wangu alinitoza 30. Jumla 175. Hesabu hiyo bado inaniuma, yaani nilikuwa tofauti ya dola tano tu na 949. Nilipoipokea nilikuwa na furaha, sikukagua chochote, nikasaini. Jumamosi nikaenda reinji, yaani uwanja wa shabaha, risasi ya tatu jamaa wa meza ya pembeni akapiga kelele, shavu lake limechanwa na kipande cha risasi. Kidogo sana, tone moja la damu, lakini ingekuwa jicho. Msimamizi wa reinji akasimamisha kila mtu, akaichukua, akanionyesha: matundu ya silinda hayakai sawa na mtutu, kila risasi inakwanguliwa ubavu inapoingia na kile kilichokwanguliwa kinarushwa pembeni. Nilimuomba radhi yule jamaa mara sijui ngapi. Fundi bunduki aliniambia fremu ni ya aloi ya zinki, imeshalegea, kazi yake ingezidi bei ya bastola mara mbili, na muuzaji akasema ukishasaini hakuna kurudisha. Nilimwachia fundi aivunje.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "za bei rahisi zote ni takataka" mwambieni sio kweli, na mkisikia mwingine anasema "za zamani zote ni imara" mwambieni na hiyo sio kweli. Ndani ya kundi hili kuna ngazi. H&R, Iver Johnson, High Standard na ile Sentinel yake ya miaka ya 50 yenye fremu ya aluminiamu, hizi zilitengenezwa na watu wenye viwanda vya kueleweka, zinafaa kama hazikuchakazwa. Chini yake kuna zile ndogo za aloi laini. Maarufu kuliko zote ni RG14 ya Röhm, kampuni ya Kijerumani, ndiyo iliyotumika kumpiga risasi Rais Reagan mwaka 1981, nayo ilinunuliwa duka la rehani kule Dallas. Sheria ya 1968 ilizuia kuingiza bastola ndogo za namna hiyo kutoka nje, basi zikawa zinaunganishwa Miami kwa vipuri vya Ujerumani. Hizo mimi nisingepiga nazo, watu wanaziweka kama kumbukumbu.

Jambo lingine ndugu zangu, usalama wa kubeba. Revolva nyingi za zamani hazina ile baa ya katikati inayopeleka pigo la nyundo kwenye pini pale tu triga inapovutwa. Iver Johnson walikuwa nayo tangu zamani sana, wakawa wanaitangaza kwa kusema ipige nyundo kwa nyundo haitalia. Kama huna uhakika na ya kwako chukulia haina, acha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu. Kwenye 949 unabaki na nane, zinatosha kabisa kwa shabaha.

Na .22 sio mchezo kwa vile haina kishindo. Risasi yake inaweza kwenda kama maili moja na nusu, kilomita mbili na zaidi. Usipige juu, usipige kwenye maji, usipige bila kingo ya udongo nyuma ya shabaha.

Upande wa sheria nitasema yale yanayotuhusu sisi wageni kwa sababu naulizwa sana kazini. Mwenye grini kadi ananunua kama raia, kwenye fomu 4473, ile unayojaza kwa muuzaji, unaandika namba yako ya uhamiaji na ukaguzi unapita pia huko uhamiaji, kwa hiyo usishangae jibu likichelewa, mimi mara zote mbili lilichelewa, ya kwanza siku mbili. Kitambulisho lazima kiwe na anwani unayoishi sasa, ukihama na hukubadili leseni ya udereva wanakurudisha. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21. Ukiwa na viza ya masomo au ya matembezi sheria ya serikali kuu inakukataza kuwa na silaha na hata risasi, isipokuwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji, kwa hiyo usikubali hata kushikishwa reinji kabla hujauliza mwanasheria. Halafu hili naomba mlisome mara mbili: ndugu au rafiki asiye na makaratasi akikuomba umnunulie kwa jina lako, kataa. Fomu inakuuliza kabisa kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na tangu 2022 kununua kwa niaba ya mtu namna hiyo kunaweza kukufunga mpaka miaka 15. Kwa sisi tusio raia ni na kufukuzwa nchini juu yake. Majimbo nayo yanatofautiana sana, Ohio huhitaji kibali cha kununua, ukihamia Illinois au New Jersey ni habari nyingine kabisa. Na usije ukawaza kuiweka kwenye begi uende nayo likizo Dar au Mombasa.

Mke wangu hakutaka kuiona. Yeye ni wa Kigoma, utotoni alisikia milio kutoka ng'ambo ya ziwa na kuona watu wakishuka kwenye mitumbwi na watoto mgongoni, kwake bunduki ni hicho. Sikumbishia. Tulikubaliana mambo matatu kabla 949 haijaingia ndani: sefu ya chuma imefungwa skrubu ukutani, risasi kwenye boksi lingine lenye kufuli chumba kingine, na watoto wasiguse wala kujua namba. Sefu ilinigharimu dola 140, iweke kwenye bajeti yako kama ni sehemu ya bei ya bastola. Miezi minne baadaye alisema twende wote akaone ninachofanya. Tukaenda reinji ya jimbo kule Delaware ya hapa Ohio, sio lile jimbo, kaskazini ya Columbus. Nikampakia risasi moja tu kwenye silinda. Akapiga sahani ya karatasi mita kumi, akaiweka mezani, mikono inatetemeka, akakaa kimya muda. Kisha akasema niongeze mbili. Silaha yenye kishindo kikubwa ingemkimbiza palepale, lakini 949 ni nzito, karibu gramu 900, na .22 haina mrejesho wa kusema, mkono haurushwi.

Upigaji wake nimeridhika nao kabisa. Kwa nyundo iliyovutwa, nimekaa, mikono juu ya mfuko wa mchanga, mita 15, risasi zote tisa zinaingia kwenye eneo la kiganja. Natumia risasi za CCI Standard Velocity, ile ya futi 1,070 kwa sekunde, haifiki kasi ya sauti kwa hiyo haipasui masikio sana na haiichoshi bastola. Usitumie .22 Magnum, ni ganda lingine, nene na refu, sio la silinda hii. H&R walitengeneza modeli nyingine zenye silinda mbili, moja ya Long Rifle na moja ya Magnum, za risasi sita, kama 649, ukikuta ya hivyo hakikisha silinda zote mbili zipo na kagua kila moja peke yake. Baada ya kupiga nanawa mikono kwa sabuni na nguo naziweka pembeni na za watoto, zile risasi ni za madini laini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Mtaniuliza kwa nini nisichukue mpya. Heritage Rough Rider unaipata kwa bei hiyo hiyo au chini, Ruger Wrangler iliyotoka 2019 iko juu kidogo, zote mpya, zina kampuni nyuma yake. Swali la haki, na kwa mtu ambaye hana muda wa kujifunza kukagua au hana wa kumwongoza, namwambia achukue mpya bila kusita. Lakini hizo kwa kawaida ni za risasi sita na lazima uvute nyundo kila pigo. 949 inanipa tisa, inanipa njia mbili za kupiga, na mbao ya kweli kwenye kipini.

Kinachoisumbua ni vipuri. Kampuni ya zamani haipo tangu 1986, na waliochukua jina baadaye hawahusiki na hizi za zamani, hakuna gwarantii wala wa kumpigia simu. Kuna Numrich kule New York wanauza vipuri vya silaha zilizokufa, baadhi vipya, vingi vimetolewa kwenye bastola zilizovunjwa. Vinaisha. Nilinunua kwao springi ya fimbo ya kutolea maganda na ule mkono wa ndani unaozungusha silinda, kwa sababu ya lile tundu la saba, vilifika vizuri kwenye bahasha ndogo yenye namba ya modeli. Springi nimeshaiweka, maganda sasa yanaruka. Ule mkono bado umo kwenye bahasha, ndani ya sefu, mpaka siku tundu la saba likigoma kufunga.